Gololi Juu ya Meko

Jumamosi, 3 Juni 1989

Mvua imefika leo saa nane mchana, siku mbili nyuma ya ahadi yake. Kaka Velayudhan, msaidizi wetu wa maabara, alitoka uani akasimama chini ya maji ya paa na nguo zake zote, kisha akarudi ndani akichuruzika. Profesa Kuruvila, Mwalimu wangu, akamtazama juu ya miwani. "Ukimaliza kuoga, tuletee chai."

Kwa wengine hapa Thrissur mvua ni mpunga. Kwetu ni umeme. Mabwawa ya milimani yakijaa, mgao unakwisha, nasi tunaweza kuwasha mashine asubuhi na kuizima jioni bila kukatiwa katikati. Ndiyo maana kwa miaka sita tumepima bomba letu Juni hadi Septemba tu. Aprili na Mei, umeme unapokuja kwa saa mbili mbili, tunafanya vipimo vidogo vya kujishughulisha.

Nimenunua daftari hili kwa kuwa msimu huu ni wa mwisho. Tasnifu yangu isipowasilishwa kabla ya Septemba kwisha, nafasi yangu chuoni inafutwa. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, Mwalimu anastaafu. Nina miaka ishirini na tisa, na mama ameacha kunionyesha picha za wachumba. Sijui kama nifurahi au nihuzunike.

Jumatatu, 5 Juni

Mama alikuwa akipepeta mchele jikoni jioni, akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza kwa miaka yote hii.

"Hiyo kazi yenu ya kutikisa bomba, ni ya nini hasa?"

Nikamwambia tuna bomba la shaba lililojaa gololi za kauri, ndogo na kubwa, zimemwagwa ovyo bila mpango. Tunaingiza mawimbi upande mmoja, mawimbi ya aina ya redio ila mafupi sana.

"Yanatoka upande wa pili?"

"Tunatumaini hayatoki."

Aliweka ungo chini. "Miaka sita unasomea kitu kisichotoka?"

Nilicheka, lakini nilijaribu. Wimbi likigonga gololi linatawanyika. Kwa kila njia inayolizungusha mpaka kulirudisha lilikoanzia, lipo wimbi jingine linaloipita njia hiyo hiyo kinyumenyume, na mawili hayo hukutana nyumbani kwa wakati mmoja, yakaongezeana nguvu. Kwa hiyo wimbi huelekea zaidi kurudi kuliko kwenda. Gololi zingepangwa kwa safu, lingepita. Zikivurugwa vya kutosha, linakwama mahali padogo na kubaki likitetemeka pale. Halikufa. Limefungwa, na hakuna ukuta uliolifunga, ni fujo tu.

Mama alifikiri kidogo. "Kama baba yako na wale ndugu zake," akasema, akaendelea kupepeta.

Jumatatu, 12 Juni

Vipimo vimeanza. Mwalimu anasoma mita, mimi naandika, Kaka Velayudhan analipindua bomba mara tatu ili gololi zijipange upya, kisha anajitenga. Kila mpinduo tunauita mpangilio. Leo mipangilio arobaini.

Velayudhan analalamika. "Bomba limekuwa zito."

"Kila Juni unasema hivyo," Mwalimu akamjibu. "Ni wewe unayezeeka."

"Basi nazeeka Juni, nakuwa kijana Machi."

"Kula uji wa kanji zaidi."

Tulicheka wote watatu.

15 Juni

Mvua. Mipangilio hamsini na mitano.

16 Juni

Mvua. Sitini. Viatu vyangu vimeota ukungu.

Ijumaa, 23 Juni

Bomba letu lina vipande vitano vinavyounganishwa. Wimbi linalozurura tu kati ya gololi hupungua taratibu: bomba likiwa refu maradufu, kinachotoka ni nusu. Wimbi lililofungwa hupungua kwa namna nyingine kabisa. Kila kipande kinachoongezwa hukata sehemu ile ile ya kilichobaki, na kwenye karatasi ya grafu tunayotumia vipimo vinasimama kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Leo tumeunganisha kipande cha nne. Nukta ilianguka juu ya mstari kama iliyowekwa kwa rula. Mwalimu alitoa leso akafuta miwani iliyokuwa safi.

Lazima niandike mtu huyu ni nani kwangu. Baba alipofariki nilikuwa mwaka wa pili wa shahada, na mjomba alikwisha kuniamulia niache masomo. Profesa Kuruvila alikuja nyumbani kwa baiskeli, kwenye jua la Machi, akakaa barazani na mjomba muda wa saa tatu. Mimi sikusikia waliyozungumza. Nilichokiona ni mjomba kutoka na kuniambia, "Huyo mwalimu wako ana kichwa kigumu. Nenda kasome."

Alhamisi, 6 Julai

Barua imetoka ng'ambo, kwa msomaji anayehakiki kwa niaba ya jarida tulilolipelekea makala ya vipimo vya miaka iliyopita. Ni aya tatu. Mbili za sifa, na ya tatu hii: mnajuaje kwamba mawimbi yenu yamefungwa, hayajamezwa na gololi zenyewe? Maana kitu kinachomeza mawimbi kidogo kidogo nacho hutoa mstari ule ule ulionyooka.

Mwalimu alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu.

"Anadhani sisi ni watoto. Tumepima kumeza. Kila mwaka tunapima. Vilasini, mwandikie namba."

Kweli tunapima. Gololi kumi ndani ya kisanduku, kazi ya nusu saa, tunaifanya Aprili kati ya mgao na mgao. Gololi zetu zilifinyangwa na kuchomwa kwenye tanuri la vigae hapa hapa mjini, kwa sababu zile za kuagiza zilitushinda bei, na Mwalimu anajivunia kwamba hazimezi karibu chochote. Nikaandika namba, nikafunga bahasha.

"Na mwambie atazame mshale wa mita yetu," akaongeza. "Mpangilio baada ya mpangilio, mshale umetulia. Kipimo safi namna hiyo atakipata wapi?"

10 Julai

Mvua.

11 Julai

Mvua. Mipangilio sabini. Kipande cha tano kimefika juu ya mstari.

Jumatatu, 17 Julai

Leo ni mwanzo wa Karkidakam, mwezi wa njaa na magonjwa. Mama amefagia nyumba nzima, amewasha taa ya mafuta, na kuanzia leo atasoma kitabu kitakatifu kwa sauti kila jioni mpaka mwezi uishe. Hakuna anayeanza jambo jipya mwezi huu, si harusi, si nyumba, si safari. Watu wanakunywa uji wa dawa na kusubiri.

Mwalimu, ambaye ni Mkristo na hajali miezi yetu, amepokea mwaliko wa kwenda Bangalore mwishoni mwa Agosti kueleza matokeo yetu mbele ya wakubwa. Kaka Velayudhan alimwambia aombe tarehe nyingine, barua ya mwaliko imefika mwezi mbaya. Mwalimu akamwambia mawimbi hayasomi kalenda.

24 Julai

Velayudhan ameumia mgongo kwenye bomba. Nimepindua mwenyewe. Ni zito kweli.

Jumanne, 1 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mwezi mwandamo, siku ya kuwalisha wafu. Kaka yangu yuko Muscat, kwa hiyo ni mimi niliyesimama mtoni kwa niaba ya baba. Tulikuwa mamia tumelowa, kila mmoja na jani lake la mgomba, ufuta, na matonge ya wali. Kuhani alisema maneno, nikayarudia. Kisha unapiga makofi kwa mikono yenye maji kuwaita kunguru, na kunguru wakija kula, ina maana aliyekufa amepokea.

Nilipiga makofi. Hawakuja. Mvua ilikuwa nyingi mno, walikuwa wamejikunyata juu ya minazi. Nikapiga tena na tena, mikono ikawa inauma, na mama nyuma yangu akinong'ona, "Mwite kwa upole, hapendi kupigiwa kelele." Kunguru mmoja akashuka mwishoni, akala tonge la jirani.

Nililia, nakiri. Sikulia kwa ajili ya kunguru. Nilikuwa nasikiliza kile kimya na kujiuliza mtu aliye nje anatofautishaje kimya cha aliyefungwa na kimya cha aliyekufa. Anayebisha hodi husikia kitu kimoja tu. Hapo barua ya ng'ambo ikanirudia yote, na safari hii sikuwa na hasira.

Nyumbani mama alikaanga papadamu, zile chapati kavu nyembamba kama karatasi. Ile ya kwanza aliichukua kwenye sahani iliyokaa mezani tangu jana. Ilizama kwenye mafuta ikabaki laini kama kipande cha ngozi. Mama akaguna, akanyoosha mkono kwenye kichanja kilicho juu ya meko, kule kwenye moshi ambako kila nyumba hapa huweka chumvi, ukwaju na nazi kavu wakati wa mvua, akachukua nyingine. Hiyo ilivimba mara moja ikajaa sufuria.

"Zote ni za pakiti moja," nikasema.

"Moja imekunywa hewa," mama akajibu.

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Papadamu ni unga wa dengu. Gololi zetu ni udongo wa tanuri la vigae, na kigae ukikilamba ulimi unanata. Aprili, tunapopima kumeza, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Juni tunawasha mashine pamoja na mvua. Hakuna kinachomeza mawimbi haya kama maji.

Na kila Juni, kwa miaka sita, kuna mtu mmoja aliyetuambia bomba limekuwa zito.

Jumatano, 2 Agosti

Nimepima gololi kilo moja kwenye mizani ya idara ya kemia, nimezifunga kwenye kitambaa, nimeziweka juu ya meko. Mama hakuuliza. Alizisogeza tu karibu na ukwaju.

Sijamwambia Mwalimu. Anaandika hotuba yake ya Bangalore na anaimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Naona aibu kumtazama usoni, kama mtu anayemvizia baba yake.

5 Agosti

Mvua.

Jumamosi, 12 Agosti

Gramu thelathini na nane zimepotea.

Nimeipima mara nne. Gramu thelathini na nane za maji katika kila kilo.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu ya uhuru, chuo kimefungwa. Nilimwendea Kaka Velayudhan nyumbani kwake nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho huku akijipaka mafuta mgongoni.

"Kwa hiyo sikuwa nazeeka."

"Hapana, kaka."

"Mwalimu anajua?"

"Bado. Nataka nizikaushe zote, nipime bomba zima kwanza. Labda maji si mengi kiasi cha kuharibu. Labda nimekosea."

"Unataka uwe umekosea."

"Ndiyo."

Akafunga msuli wake vizuri. "Twende tukazibebe." Tulizipeleka nyumbani kwetu kwa baiskeli ya magurudumu matatu, magunia manne, tumeyafunika kwa turubai. Mama alitazama magunia, akatazama kichanja, akasema tu kwamba kuni zitaongezeka. Mwalimu tutamwambia tumezitoa ili bomba lisafishwe. Ni uongo wangu wa kwanza kwake.

20 Agosti

Jikoni hakupitiki. Gololi kila mahali, zimepangwa kwenye mikeka juu na kando ya meko. Mama anazigeuza kama anavyogeuza pilipili.

Alhamisi, 24 Agosti

Mwalimu ameondoka kwa treni ya jioni kwenda Bangalore. Amevaa koti aliloolea. Dirishani aliniambia, "Nikirudi tunaandika sura yako ya mwisho."

Jumamosi, 26 Agosti

Gololi tulizileta asubuhi ndani ya madebe ya biskuti yaliyofungwa kwa nta. Tukajaza bomba haraka, tukaziba ncha kwa plastiki. Kaka Velayudhan alilipindua peke yake, licha ya mgongo wake. Hakusema chochote kuhusu uzito, na hakuwa na haja.

Vipande vyote vitano. Mwezi uliopita kilichotoka kilikuwa kidogo mno, mshale ulikuwa karibu umelala. Leo kimetoka mara ishirini zaidi. Nikatoa kipande, nikapima. Nikatoa kingine. Nilipochora nukta hazikusimama kwenye mstari wetu. Zilipinda kuelekea ule mstari mwingine, wa wimbi linalozurura tu.

Tena mshale haukutulia. Mpangilio huu karibu sifuri, unaofuata unaruka mpaka katikati ya uso wa mita, kisha unaanguka tena. Niliangalia nyaya zote nikidhani kuna iliyolegea. Sikuiona. Kipimo kichafu, kwenye siku ambayo nilikihitaji safi kuliko siku zote.

Miaka sita hatukufunga wimbi lolote. Mawimbi tuliyazamisha. Na saa hii, huko Bangalore, Mwalimu wangu amesimama mbele ya ubao.

Kaka Velayudhan aliniletea chai na kuiweka kando ya daftari. "Unaweza kukaa kimya," akasema. "Gololi zikirudi kwenye hewa zitalowa zenyewe. Mstari utanyooka. Utapata shahada yako, yeye atastaafu na heshima yake. Mimi sijui kusoma mita."

"Unanishauri hivyo?"

"Nakuambia mlango ulipo. Kupita ni wewe."

Jumatano, 30 Agosti

Mwalimu alirudi jana akiwa na furaha. Walisimama kumpigia makofi, mzee mmoja alimshika mikono miwili. Ameniletea sari, ya rangi ya majani mabichi, kwa siku nitakayotetea tasnifu.

Nilimwacha amalize chai. Kisha nikamwekea mbele karatasi mbili, ya Julai na ya Jumamosi, nikamweleza kuhusu kichanja, gramu thelathini na nane, Aprili na Juni.

Alizitazama muda mrefu.

"Ulifungua bomba langu nikiwa sipo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukapeleka gololi zangu jikoni kwa mama yako."

"Ndiyo."

"Mshale wako unarukaruka. Nyaya zimelegea. Hiki si kipimo, Vilasini, hizi ni kelele." Alizikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Miaka sita nimekufundisha mikono safi, unaniletea vumbi la moshi. Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Sari nimeiacha juu ya meza.

31 Agosti

Hakuniita.

2 Septemba

Hakuita. Mvua ndogo, na jua katikati yake. Watoto wameanza kutandaza maua uani kwa ajili ya sikukuu ya Onam.

Jumatatu, 4 Septemba

Nilikuwa na hasira naye siku tano, na ninaiandika hapa ili nisije nikajifanya sikuwa nayo. Nilijiambia ni mzee anayependa makofi. Nilijiambia angekuwa na kichwa laini kidogo tungejua haya miaka minne nyuma, na mimi ningekuwa na shahada, na pengine na nyumba yangu. Leo nikakumbuka kwamba kichwa kile kile kigumu ndicho kilichokaa barazani na mjomba saa tatu. Siwezi kukipenda siku moja na kukikataa siku nyingine. Hasira imepungua. Uchungu uko pale pale.

6 Septemba

Kaka Velayudhan amepita. Anasema Mwalimu anajifungia maabarani tangu asubuhi, anapindua bomba mwenyewe, hataki msaada.

Jumamosi, 9 Septemba

Mwalimu amekuja kwa baiskeli. Mama alimwona kwanza, akafunika kichwa na kukimbilia kufuta kiti cha barazani. Hakukaa.

"Mama Vilasini, naomba nione jiko lako."

Mama alichanganyikiwa. Mwanamume mgeni, profesa, jikoni kwake, na sufuria hazijaoshwa. Lakini alimpisha. Mwalimu aliinama mlangoni, akasimama chini ya kichanja, akanyoosha mkono juu akagusa mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi. Alichukua gololi moja iliyokuwa imebaki kwenye ufa, akailamba, akairudisha.

"Kwetu pia marehemu mama yangu aliweka chumvi hapa," akasema. "Nilikuwa namshikia ngazi."

Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na majivu na suruali yake nyeupe. "Nimezipima upya. Nyaya zako hazikulegea hata moja. Binti, miaka sita nimekuwa nikipima mvua."

Mama alimpa kanji kwenye bakuli la chuma, maana ndiyo iliyokuwapo. Alikunywa yote.

"Niambie kuhusu mshale," akasema baadaye. "Uliruka kwa kiasi gani?"

Nikampa namba. Alifunga macho.

"Tulijivunia utulivu wake. Kila mpangilio jibu moja, tukasema ni usafi. Sasa fikiri. Kilichomezwa kimemezwa, ukizipanga gololi vyovyote utapata kimya kile kile. Lakini wimbi linalokaribia kufungwa ni jambo jingine. Mipangilio mingi inalizuia, halafu mmoja kati ya mia unaliachia upenyo na linapita karibu lote. Aliyekufa haruki, Vilasini. Ule uchafu wako ndiyo kitu cha kwanza hai kilichotoka kwenye bomba lile."

"Kwa hiyo yamefungwa?"

"Sijui. Bado. Mstari umepinda, kwa hiyo si kwa urefu huu. Labda kwa bomba refu maradufu, na gololi kavu. Sijui, na safari hii nitasema sijui."

Alipokuwa anapanda baiskeli aliniambia ameandikia jarida, wale wa Bangalore, na yule msomaji wa ng'ambo. Nikamwomba nione nakala. Aliitoa mfukoni. Makala ya kwanza ilikuwa na majina yetu sisi wawili. Barua ilisema: kosa ni langu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga kupima kumeza wakati wa kiangazi na bomba wakati wa mvua. Aliyelitambua ni Vilasini, na aliyelitambua kabla yake, miaka sita mfululizo, ni Bwana K. Velayudhan, anayelibeba bomba, ambaye hatukumsikiliza.

Jumanne, 12 Septemba

Onam. Mama alipika vitu kumi na moja. Sari ya kijani ililetwa jana na Kaka Velayudhan, imefungwa kwa gazeti, bila neno. Nimeivaa.

Jumatatu, 18 Septemba

Nilikuwapo wakati Mwalimu anamsomea Kaka Velayudhan ile barua, akiitafsiri sentensi kwa sentensi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza, Mwalimu. Nilisema."

"Ulisema."

"Mkaniambia nile kanji."

Mwalimu aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akasimama mbele yake, mikono pembeni, kama mwanafunzi aliyechelewa. Velayudhan alitazama sakafu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jambo hili linamalizwaje, maana halijawahi kutokea katika jengo lile. Mwishowe Velayudhan akasema chai inapoa.

Jumamosi, 30 Septemba

Siku ya mwisho ya Mwalimu. Hakuna hotuba, alikataa. Watu wa idara nyingine wanapita kwenye korido na kunyamaza wakimwona. Habari za Bangalore zimefika. Waliompigia makofi wameandika pia, na si kwa upole.

Jambo la mwisho alilofanya kama profesa ni kukaa nje ya ofisi ya msajili tangu saa tatu hadi saa tisa, mpaka akapata sahihi: nimeongezewa miezi sita. Sina tasnifu. Nina karatasi moja yenye nukta zilizopinda, na mshale unaoruka.

Jumatatu, 4 Desemba

Nilidhani nimelifunga daftari hili. Nalifungua kwa ajili ya siku moja.

Upepo wa Palakkad umeanza, ule mkavu unaopasua midomo. Kaka Velayudhan amejenga kichanja ndani ya maabara, chini yake jiko la mkaa, na mkuu wa idara anajifanya hakioni. Bomba sasa lina vipande kumi. Mwalimu alikuja saa mbili na nusu, amevaa msuli na shati la nyumbani, akavuta kile kiti changu cha zamani karibu na daftari la vipimo.

"Hicho ni cha mwanafunzi," nikamwambia.

"Najua. Wewe kaa kwenye mita."

Kaka Velayudhan akapindua mara tatu, akajitenga. Nikasoma mshale, nikaita namba, na Mwalimu akaiandika kwa mwandiko wake mdogo ulioinama, chini ya safu tupu: mpangilio wa 1.

Upepo ulikuwa umeangusha matawi kwenye nyaya za barabarani. Tulipokuwa tunapindua kwa mpangilio wa pili, umeme ukakatika. Mwalimu aliweka kalamu. Velayudhan akauliza kama azitoe gololi azirudishe kwenye madebe.

"Ziache," nikasema. "Hewa ni kavu."

Tulingoja mpaka saa kumi, umeme haukurudi. Leo mpangilio mmoja.